Ukikuta Bastola Kwenye Kasha la Marehemu

Arobaini imekwisha, wageni wameshaaga, na ndugu mmekaa sebuleni kufungua kasha la marehemu. Zinatoka hati za shamba, doti za kanga zilizokuwa zikisubiri harusi ya mjukuu, kofia ya viua, picha zilizofifia. Chini kabisa, ndani ya kitambaa kilicholowa mafuta ya miaka mingi, kuna kitu kizito. Mmoja anakifunua. Ni bastola.

Kwetu Tanga tulikuta moja mwaka 1994, alipofariki baba yetu mkubwa, na kwa haraka zetu tuliharibu mambo ambayo hayakurekebishika. Ndiyo maana ninaandika. Mwongozo huu ni kwa mtu aliyeachiwa silaha kongwe na anataka kujua ni nini, ya lini, imetoka wapi na ina thamani gani. Lakini kabla ya thamani kuna uhai wa watu na kuna sheria, na hayo hayaruki mtu.

Ichukulie kuwa ina risasi

Usidanganywe na kutu. Baruti nyeusi ya zamani ikikaa pakavu haifi. Inaweza kulala ndani ya mtutu miaka mia na zaidi, kisha ikawaka kama iliyoshindiliwa jana. Na wazee wengi waliiacha silaha imeshindiliwa makusudi, kwa kuwa mwizi hangoji mwenye nyumba atafute pembe ya baruti.

Ilaze juu ya meza, mdomo ukielekea ukuta usio na mtu nyuma yake. Watoto watoke. Asiwepo wa kuivuta "kujaribu kama bado inafanya kazi", wala wa kuinua nyundo yake ili kusikia mlio. Springi ya miaka 150 huvunjika kwa mchezo huo, hata kama hakuna baruti ndani.

Ikiwa ni ya kushindiliwa kwa mdomoni, wajuzi wana kipimo chao. Mtu hukaa ubavuni, uso na kifua mbali na mdomo wa mtutu, akatumbukiza taratibu kijiti chembamba cha mti, kamwe si cha chuma, mpaka kigote. Anatia alama pale kijiti kinapotokea, anakitoa, anakilaza nje sambamba na mtutu. Kikifika karibu na tundu la moto kule nyuma, ndani ni kutupu. Kikiishia vidole viwili au vitatu kabla, kuna kitu kimeshindiliwa, na hapo asichokoe mtu yeyote. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa silaha wa polisi.

Kuna aina moja inayohitaji tahadhari zaidi ya zote. Utaona silinda inayozunguka, na kwenye ukingo wake vijipini vidogo vimechomoza kama miiba. Kila kijipini ni cha kiasi kimoja, yaani risasi, baruti na fataki katika kifuko kimoja, nacho ndicho kinachogonga fataki iliyomo ndani. Bastola ya namna hiyo ikianguka sakafuni na viasi vyake inaweza kulia yenyewe.

Sheria

Bastola hairithiwi kama cherehani. Kibali alichokuwa nacho marehemu kilikuwa chake yeye, na hakipiti kwa mtoto pamoja na nyumba. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015; Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Usijitetee kwa kusema ni ya kale, haifanyi kazi, ni ya kumbukumbu tu. Anayeamua hilo ni mamlaka ya silaha, si wewe.

Usiitie kwenye mkoba ukapanda nayo daladala kwenda kituoni. Nenda mikono mitupu, na cheti cha kifo, ukifuatana na mwenyekiti wa mtaa, au sheha ukiwa Zanzibar, au chifu ukiwa Kenya. Eleza kilichokutwa na mahali kilipo, waje wao. Dai maandishi ya kupokelewa yenye aina na namba ya silaha. Wakati huohuo msimamizi wa mirathi aiandike kwenye orodha ya mali. Bastola iliyofichwa na ndugu mmoja huzaa ugomvi unaodumu kuliko chuma chenyewe, hasa ukizuka uvumi kwamba ina thamani kubwa. Na picha zake usizitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hujui zitaishia kwenye simu ya nani.

Kuna sheria nyingine inayosahauliwa, ya mambo ya kale. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa nchini, au kilichoingizwa nchini, kabla ya 1895. Tazama neno hilo la kuingizwa: bastola iliyochongwa Ulaya ikashuka Mombasa mwaka 1880 inaingia humo. Kitu cha namna hiyo hakisafirishwi nje bila kibali, na bastola yoyote ile usithubutu kuitia kwenye begi la ndege.

Jamaa zetu walioko ng'ambo wana hesabu nyingine. Uingereza, silaha kongwe inayohifadhiwa kama pambo huweza kusamehewa kibali, na kanuni za 2021 zimefafanua zipi zinahesabiwa kongwe: sharti iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1939, na iwe ya mtambo wa zamani au ya viasi vilivyomo kwenye orodha ya vilivyoacha kutumika. Marekani, sheria ya shirikisho ya 1968 inaita kongwe silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, ingawa kila jimbo lina lake la kuongeza. Kwa hiyo bastola ileile inaweza kuwa pambo la ukutani kwa binamu yako na jinai kwako.

Acha msasa, acha ndimu

Sasa nieleze kosa letu. Kaka yangu aliona aibu kuipeleka polisi ikiwa na madoa, akampa fundi wa mtaani aing'arishe. Ilirudi siku ya pili inang'aa kama kijiko kipya. Msasa ulikuwa umekula rangi ya buluu iliyokolea ya kiwandani, umekula namba, umekula mwaka. Fundi alifanya alichoombwa, wala simlaumu. Sisi hatukujua kwamba alichokuwa akikwangua ndicho kilichokuwa na thamani.

Kwa mnunuzi wa vitu vya kale, ile ngozi ya kahawia iliyoota juu ya chuma kwa miaka mingi ni ushahidi kwamba kitu hakijachezewa. Ukiiondoa, umeondoa sehemu kubwa ya bei, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Vivyo hivyo kwa shaba na fedha: desturi yetu ya kusugua masinia kwa ndimu na majivu, au kwa ukwaju, ni nzuri kwa masinia. Kwenye bastola hufuta nakshi na mihuri.

Unachoruhusiwa kufanya ni kidogo sana. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba. Kama kuna kutu nyekundu inayoacha unga kwenye kidole, hiyo ingali hai na inakula. Pakaza kwa wepesi mafuta mepesi ya cherehani, uache. Usitumie mafuta ya nazi, maana huchacha. Usiifunge kwenye nailoni, ambayo huhifadhi jasho, wala usiiache ndani ya ala yake ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na dawa zilizoilainisha hula chuma. Ala nayo itunze, ila kando. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, hewa yenyewe ina chumvi; vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu visitupwe.

Inawaka kwa kitu gani?

Swali la kwanza la utambuzi ni moto: baruti inawashwa kwa kitu gani? Kiswahili kina majina yake kamili kwa hili, kwa kuwa bunduki za aina zote zilipita mikononi mwa watu wetu. Wazee walisema bunduki ya mrao, ya gumegume, ya fataki, ya viasi. Ukiyafuata majina hayo manne kwa mpangilio huo, umeifuata historia yenyewe.

Mrao ni utambi unaofuka pole pole. Mtambo wake unaushika na kuuinamisha kwenye kisahani cha baruti. Waarabu wa Oman waliupenda sana kwenye bunduki zao ndefu, na waliendelea nao hata Ulaya ilipousahau. Kwenye bastola ni nadra kuuona.

Gumegume ni lile jiwe linalotoa cheche. Ulaya lilitawala tangu karne ya 17 hadi miaka ya 1830. Utaona taya mbili zenye skrubu ya kubana jiwe, mbele yake bati la chuma lililosimama, na chini yake kisahani.

Fataki ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kikigongwa. Kasisi mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, ndiye aliyeandikisha wazo la dawa hiyo mwaka 1807; vikofia vyenyewe vilienea miaka ya 1820. Bastola ya fataki haina jiwe wala kisahani. Ina nyundo na chuchu ya chuma yenye tundu. Angalia vizuri lakini, kwani gumegume nyingi ziligeuzwa kuwa za fataki ili zisitupwe. Matundu ya skrubu yaliyozibwa pembeni mwa mtambo ndiyo yanayolitoboa jambo hilo.

Viasi ni risasi, baruti na fataki katika kifuko kimoja. Mfaransa Casimir Lefaucheux alianza navyo mwaka 1835, vile vya vijipini. Smith & Wesson walitoa bastola yao ya viasi vya shaba mwaka 1857. Mwishoni mwa karne hiyo zikaja zinazojishindilia zenyewe, kama Mauser ya 1896 yenye mpini wa duara kama wa ufagio, na baadaye ile ya Georg Luger, ambayo jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliichukua mwaka 1908.

Ni rahisi kukosea hapa pwani. Mtu anaona gumegume, anasema ni ya mwaka 1750, anaanza kuhesabu mamilioni. Lakini mwaka 1890, kwa Mkataba wa Brussels ambao Zanzibar nayo iliutia saini, mataifa yalizuia silaha mpya kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Yalichokiacha kipite kwa biashara ya kawaida ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti duni ya biashara. Kwa hiyo viwanda vya Liège, Ubelgiji, viliendelea kutengeneza gumegume kwa soko la Afrika wakati Ulaya yenyewe ilikwisha kuiweka makumbusho, na kule Brandon, Uingereza, mafundi waliendelea kuchonga mawe yake hadi karne ya 20. Mtambo peke yake, basi, hautoshi kukupa mwaka. Inabidi usome mihuri.

Mihuri

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayotaka subira. Silaha nyingi za Ulaya zilijaribiwa kwa baruti nyingi kupita kiasi kabla ya kuuzwa, na iliyostahimili ikagongwa muhuri. Muhuri huo hukuambia mji, na mara nyingi hukuambia na kipindi.

Kwanza ujue pa kutazama: chini ya mtutu na ubavuni mwake karibu na nyuma, juu ya bati la mtambo, kwenye silinda katikati ya matundu, chini ya mpini, juu ya kikingio cha kidole. Zima taa ya juu, washa tochi ya simu kutoka ubavuni ili mwanga ulale juu ya chuma. Alama isiyoonekana mchana itainuka yenyewe. Weka karatasi nyembamba juu yake, upake penseli kwa ubavu kama watoto wanavyonakili sarafu. Piga picha zenye rula pembeni. Kama mtutu ni mtupu, na afisa yupo na amekuruhusu, fundi wa gereji mwenye venia anaweza kuupima upana wa mdomo kwa milimita. Andika kila herufi kama ilivyo, hata usiyoielewa. Usisahihishe tahajia.

Ukiona yai dogo lenye herufi E, L na G, na nyota chini, hiyo ni Liège. Yai lisilo na taji ni la kabla ya 1893; lenye taji juu yake ni la mwaka huo au baadaye. Liège ilitengeneza kila kitu kwa kila mtu, nzuri na mbovu, kwa hiyo yai hilo halikuambii ubora. Birmingham ilipata nyumba yake ya majaribio mwaka 1813, na hadi 1904 muhuri wake ulikuwa fimbo mbili za kifalme zilizopishana, taji juu, herufi B, P na C zikizizunguka. London ni ya zamani zaidi. Chama cha mafundi bunduki wake kilipewa hati ya mfalme mwaka 1637, na muhuri wake ni taji juu ya G na P zilizofumana. Ujerumani ilitunga sheria ya majaribio mwaka 1891, na tangu 1893 utaona taji juu ya herufi kama B, U au G.

Neno TOWER kwenye bati la mtambo, pamoja na taji na herufi GR, huwavutia wengi. Maana yake ni maghala ya kifalme ya Uingereza. Hadi 1764 mitambo hiyo iliandikwa jina la fundi na mwaka. Baada ya hapo mwaka ukaachwa. Jirani yake ni muhuri wa Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki. Mwanzo ulikuwa moyo uliogawanywa sehemu nne wenye herufi za kampuni, na tangu 1808 ukawa simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma ameshika taji. Kwa pwani iliyofanya biashara na Bombay kila msimu wa kaskazi, simba huyo si mgeni wa kushangaza.

Bastola zenye fedha na nakshi za mtindo wa Kituruki mara nyingi zina mtutu ulioandikwa LAZARINO COMINAZZO. Alikuwa fundi wa kweli wa Gardone, Italia, na jina lake lilighushiwa kote, karne baada ya karne, kwa sababu liliuza. Lichukulie kama sifa aliyoitaka muuzaji. Thamani itatoka kwenye fedha, kazi ya mkono na uzima wa kitu chenyewe.

Kwa Luger, tazama namba. Tarakimu mbili za mwisho za namba kuu zimerudiwa kwenye vipande vidogo. Zikilingana zote, bei iko juu. Kimoja kikiwa cha bastola nyingine, bei inashuka mara moja. Kwa Colt ya Marekani, namba inaweza kupelekwa kwenye kumbukumbu za kampuni yenyewe, nao kwa malipo hutoa barua inayosema ilitoka kiwandani lini na ilipelekwa kwa nani. Barua hiyo huongeza bei.

Na mihuri ndiyo inayofichua nakala. Nyota juu ya herufi PN, pamoja na kisanduku chenye herufi mbili au tarakimu za Kirumi, ni Italia ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Maneno BLACK POWDER ONLY hayakuandikwa kwenye bastola ya kale ya gumegume wala ya fataki, kwani siku hizo hapakuwa na baruti nyingine ya kuonywa. Skrubu yenye kichwa cha msalaba, tundu la moto lisilofika ndani, herufi N iliyogeuzwa nyuma mbele, nakshi zilizotoka kwenye kalibu moja na mwili wa chuma: yote hayo ni ya sokoni, kwa watalii. Mafundi wa Darra Adam Khel, Pakistani, wamenakili bastola za Webley za Uingereza na Luger kwa vizazi, na mara nyingi ni tahajia ya mihuri inayowatoa.

Masimulizi yapimwe na chuma

Familia nyingi zina habari ya bastola yao. Yetu ilisema babu aliiokota katika vita vya Tanga. Vita hivyo vilikuwa kweli, Novemba 1914: Waingereza waliteremsha jeshi kutoka India, wakashindwa na askari wa kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, wakarudi melini wakiacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Kila nyumba ya zamani Tanga ina mtu aliyeokota kitu.

Yetu ilikuwa Webley. Mwaka ulikwisha kwenda na msasa, lakini msasa haubadilishi umbo. Webley za jeshi tangu ya kwanza, ya 1887, hadi ya tano, ya 1913, zina mpini uliopinda ukachongoka kama kichwa cha ndege. Mpini wetu ulikuwa mnene, wenye kona, na mtutu wa inchi sita. Hiyo ni Webley ya sita, na ya sita ilianza kutumika mwaka 1915. Haikuwezekana kuokotwa Tanga mwaka 1914. Kisha, kwenye kona ambayo msasa haukufika, afisa mzee aliyekuja kuichukua alituonyesha mishale miwili midogo iliyogusana ncha. Mshale mmoja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Miwili iliyokabiliana ina maana silaha imeondolewa jeshini na kuuzwa.

Baba alinyamaza siku nzima. Ndipo Bibi, mke mdogo wa babu, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza, akasema kwamba babu hakuokota kitu. Alipewa na Mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa akirejea kwao bila fedha ya kulipa mishahara, badala ya miezi minne ya kazi. Mishale miwili ilikubaliana naye.

Nimeeleza kirefu kwa sababu hapa ndipo thamani inapokaa, hata kwa maana ya fedha. Tarehe 10 Julai 1873 mshairi Paul Verlaine alinunua Brussels bastola ya kawaida ya Lefaucheux kwa faranga 23, akampiga nayo risasi ya mkono rafiki yake Arthur Rimbaud. Mwaka 2016 iliuzwa mnadani Paris kwa yuro 434,500. Mwaka 2019 Lefaucheux nyingine, iliyoliwa na kutu kiasi kwamba mpini wa mti haupo, iliuzwa kwa yuro 162,500; mkulima aliiokota miaka ya 1960 katika shamba la Auvers, Ufaransa, ambako mchoraji Vincent van Gogh alijipiga risasi mwaka 1890, na aina yake, mahali pake na muda iliokaa ardhini vyote viliafikiana na kisa, ingawa hakuna aliyeweza kuapa. Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid ilivuka dola milioni 6 mwaka 2021. Dada za bastola hizi wa kiwanda kimoja, zisizo na kisa, hazikaribii bei hizo hata kidogo.

Lakini kisa bila karatasi ni maneno. Kinachohesabiwa ni barua, picha ya marehemu akiwa nayo, kibali cha zamani, risiti, kitabu cha jeshi chenye jina lake. Hivyo vitafute kwenye kasha lilelile kabla hamjachoma "makaratasi ya zamani".

Bei

Silaha moja ina bei tatu, na watu hugombana kwa sababu kila mmoja ameshika yake. Ya bima ni ya juu, kwa kuwa ni gharama ya kutafuta nyingine kama hiyo kesho. Ya duka ni ya kati. Ya mnada ndiyo ya kweli, na ndiyo inayofaa kwa mirathi: kiasi ambacho mtu alitoa, siku fulani, akishindana na wengine.

Nyumba za mnada kama Bonhams, Christie's, Hermann Historica ya Ujerumani na Rock Island ya Marekani huchapisha bei zilizofikiwa. Tafuta ya aina yako, hali yako, miaka ya karibuni. Usichukue makadirio, chukua bei iliyouzwa. Usichukue ya juu kabisa. Chukua ya katikati. Kumbuka bei inayotangazwa mara nyingi imebeba ada ya mnunuzi, na muuzaji naye hukatwa ushuru wa dalali, hivyo kinachofika mfukoni ni pungufu sana. Kisha punguza kwa kilichokosekana: mdeki uliopotea, skrubu ya jana, mpini uliotengenezwa upya. Jozi ndani ya sanduku lake, pamoja na kalibu ya risasi na pembe ya baruti, huzidi sana bei ya mbili zilizotengana, kwa hiyo usigawe jozi kati ya ndugu wawili hata kama wote wana haki sawa. Iuzwe pamoja, zigawanywe fedha.

Nikuambie wazi: kwa anayeishi Tanzania au Kenya na ameachiwa bastola ya viasi, bei hizo za ng'ambo karibu hazimhusu. Hakuna soko la wazi analoweza kuiuza kwa halali kama kitu cha kale, na yeyote anayekuja usiku kukuahidi mnunuzi wa Dubai anataka kukutumbukiza shimoni. Ya gumegume au ya mrao yenye historia ya pwani ina mlango mwingine. Uliza, kupitia polisi, kama Makumbusho ya Taifa, au Fort Jesus kwa Mombasa, wataipokea kwa jina la marehemu. Jina lililoandikwa chini ya kitu ndani ya kabati la kioo hudumu kuliko fedha ya mnada iliyogawanywa kwa watoto tisa.

Webley yetu ilisalimishwa. Tulichobaki nacho ni daftari, na ningependa kila mwenye kasha alianze lake kabla hata ya kujua bei. Liandikwe leo, wazee wakiwa hai. Kaa na shangazi, kaa na bibi mdogo, kaa na yule mtumishi wa zamani wa nyumba ambaye aliona mengi na hakusema. Usiulize "bastola ilitoka wapi?", maana utapewa kisa kile kile cha barazani. Uliza ilikuwa inawekwa wapi, nani aliruhusiwa kuishika, ilitolewa siku gani, nani aliiogopa. Andika maneno yao kama walivyoyasema, na tarehe, na jina la aliyekuwepo akisikiliza. Letu liko kwa dada yangu mkubwa. Ukurasa wa kwanza una vipimo na alama zilizosalimika, herufi kwa herufi, na nafasi tupu pale msasa ulipopita. Wa pili ni Bibi anazungumza.